Boma la Mita Mia na Ishirini

Habari ilinifikia kwa simu, kati ya kipindi cha tatu na cha nne, nikiwa kwenye chumba cha walimu hapa Garissa na rundo la madaftari ya kidato cha pili mbele yangu. Aliyepiga alikuwa Adan, mtu ambaye sikuwa nimeisikia sauti yake kwa miaka. Hakuzunguka. Alinisalimia, akaniuliza hali ya watoto, kisha akasema mdogo wake Issack amefariki, innaa lillaahi, alishikwa na homa siku tatu huko malishoni upande wa Kutulo, wakampeleka kwenye zahanati ya karibu kwa pikipiki wakakuta mlango una kufuli. Mhudumu alikuwa amehama tangu Ramadhani na hakuna mwingine aliyeletwa. Wakashika njia ya Takaba, naye akakata roho kabla hawajafika. "Tumemzika jana," Adan alisema. "Nimekupigia kwa sababu alikuwa akikutaja sana. Mwalimu wangu, mwalimu wangu, kila mara." Nilimwambia maneno yanayosemwa. Kengele ikalia, nikaingia darasani, nikafundisha milinganyo dakika arobaini bila kukosea hata alama moja, na sijui mpaka leo niliwezaje.

Tangu siku hiyo ule mwaka niliomfundisha Issack umenikaa kooni, na nauandika ili ushuke. Habari za ukoo wangu naziruka. Huku kwetu mtu hakupi kikombe cha chai kabla hajajua wewe ni binti wa nani mpaka babu wa saba, na mimi nimechoka kuhesabiwa mababu. Itoshe kujua kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne nikiwa na B ya hesabu, nimerudi nyumbani Takaba kungoja barua ya chuo, na najiona mtu wa maana kupindukia. B! Wasichana wote wa Takaba wenye B ya hesabu mwaka ule wangetosha kwenye kiti kimoja, na kiti hicho nilikuwa nimekikalia mimi. Januari hiyo walimu waliotoka Kenya hawakurudi. Ndivyo tunavyosema huku, Kenya, tukimaanisha kule chini, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Walikwenda kwao likizo ya Desemba, habari za barabarani zikawa mbaya, mabasi yakishambuliwa, wakabaki kwao, na siwalaumu, kila mtu ana mama. Aliyebaki ni mkuu wa shule, Bwana Mutuku, Mkamba wa miaka hamsini na kitu aliyefundisha historia na kuvaa sweta kwenye joto lile. Alikuja kwetu, akaketi mkekani, akanywa chai ya maziwa ya ngamia bila kukunja uso, akasema, "Binti yangu, nina watu ishirini na sita wa kidato cha nne na sina wa kuwafundisha hesabu. Nisaidie." Nilikubali kabla hajamaliza kikombe.

Chumba cha walimu na ofisi ya mkuu vilitenganishwa na mabati tu, na mabati hayana siri. Wiki ya kwanza nilikuwa nimekaa upande wangu, natafuna anjera iliyobaki asubuhi, nikamsikia mtu upande wa pili akiongea Kiswahili chetu kile kizito, kila p imegeuka b. "Mwalimu mkuu, mimi nabatia yeye mwaka moja tu. Moja. Mbuzi inakufa, ngamia inataka watu wawili, na mimi niko beke yangu." Huyo ndiye Adan. Bwana Mutuku akamuuliza, je, Issack akifaulu? "Akibata hiyo C ya hesabu, wazee imekubali. Watu yote itamchangia aende chuo, asome kutibu watu, arudi kwetu. Sisi hatuna mtu wa kutibu." Na asipoipata? "Basi, anarudi kwa ngamia. Shule imekwisha." Nilijua ni nani wanayemzungumzia, maana nilishamwona darasani: kijana mrefu wa miaka ishirini na miwili, mkubwa kwangu kwa miaka mitatu, aliyekalia dawati la nyuma magoti yakigonga ubao wake. Alikuwa amefanya mtihani mwaka uliotangulia, masomo mengine yote akapita, hesabu ikamwangusha kwa D. Chuo kilitaka C. Nilimeza anjera yangu nikajiambia, ya nini wasiwasi, huyu ni wangu, atapita. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi.

Somo langu la kwanza lilikuwa asilimia. Nilitaka kuonekana mjanja, nikaacha mfano wa kitabu, nikaandika ubaoni: tafuta asilimia mbili na nusu ya mbuzi themanini. Si zaka ni mbili na nusu kwa mia? Nani asiyejua? Darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Mmoja!" Nikasema hapana, ni wawili. Loo! Ungedhani nimetukana mtu. "Mwalimu, huyo wa pili unampelekea nani?" mmoja aliuliza. "Hata shekhe atamrudisha nyumbani," akasema mwingine. Na walikuwa na haki yao. Pesa ndiyo hutolewa mbili na nusu kwa mia. Mbuzi wana utaratibu wao: wakifika arobaini unatoa mmoja, na unabaki kutoa mmoja huyo huyo mpaka mia na ishirini, akizaliwa mmoja juu ya hapo ndipo unatoa wawili. Kila mtoto wa mfugaji anaijua hiyo kabla hajang'oka meno ya kwanza, hata mimi niliijua, ila chaki mkononi ilinisahaulisha. Nilisimama pale masikio yakiniwaka. Ndipo Issack akanyanyuka kule nyuma, akaomba chaki, akachora mistari miwili ubaoni, mmoja umepanda kama kilima, wa pili umepanda kama ngazi. "Zaka ya pesa ni hii ya kilima," akasema. "Ya mbuzi ni hii ya ngazi, unatembea mahali sawa muda mrefu, halafu unaruka. Kitabu kinauliza ya kilima, mwalimu, kwa hiyo ni wawili. Lakini sisi tuna zote mbili." Akarudi kukaa. Nilicheka, nikampigia makofi, darasa likapiga pia, na sijawahi tena kufundisha somo tamu kama lile. Leo nimesomea ualimu, najua aliyoyachora yana majina na sura zake kwenye vitabu vya chuo. Siku ile niliona tu kwamba ameniokoa.

Tuliendelea vizuri mpaka mwezi wa nne, kisha nikafika mwisho wa ninachokijua. Niseme ukweli ambao sikumwambia mtu wakati ule: ile B yangu ilikuwa ya kukariri. Kalkulasi mwalimu wetu alikuwa ametukimbiza nayo wiki mbili, nikashika hatua bila kujua zinakwenda wapi. Sasa nilifungua ukurasa wa kalkulasi usiku wa kuamkia kipindi, hapana, niliufungua mchana kweupe, baada ya chakula cha mchana cha maharagwe na mchanga, na sikuelewa hata mstari mmoja. Nilikuwa na karatasi alizonitumia binamu yangu kutoka Eastleigh, maswali sitini yaliyotatuliwa tangu asilimia mpaka kalkulasi, kila hatua imeandikwa. Nikazitazama, nikasikia watoto wa duksi ya jirani wakisoma kwa pamoja, na wazo likanijia, nikaliona la ajabu. Duksi ndiyo chuo chetu cha Kurani. Mtoto huandikiwa aya kwenye ubao wa mti kwa wino wa makaa, hukaa mchangani akiyumba na kusoma mpaka iingie, ubao unaoshwa, inaandikwa nyingine. Wanafunzi wangu wote walipitia huko. Wengine walikuwa wamehifadhi juzuu kumi, wengine Kitabu kizima, Issack akiwamo. Nikajiuliza, vichwa vilivyobeba Kurani nzima vitashindwa na maswali sitini? Kesho yake niliwatangazia: kila siku swali moja, neno kwa neno, tangu "tuchukulie" mpaka jibu. Wakafurahi! Hiyo ndiyo kazi waliyoijua. Ndani ya wiki tatu ungepita nje ya darasa ukasikia watu ishirini na sita wakiyumba na kusema kwa pamoja, zidisha kwa kipeo, punguza kipeo kwa moja, Bwana Mutuku akisimama dirishani anatabasamu. "Umefanya muujiza, binti yangu," aliniambia. Nami nikakubali, muujiza.

Kosa si la duksi, nisieleweke vibaya. Pale mtoto anahifadhi maneno ambayo hayatabadilika mpaka siku ya Kiyama. Mtihani unabadilisha namba kila mwaka. Jambo dogo hilo, mtu mzima mwenye B alipaswa kuliona, na sikuliona, au niliona nikafumba macho kwa sababu njia nyingine ilidai nielewe mwenyewe kwanza.

Swali la arobaini na saba lilikuwa la mkulima mwenye waya wa mita mia na ishirini anayetaka kuzungushia shamba la mstatili, nawe utafute vipimo vya kumpa eneo kubwa kuliko yote. Unauita upande mmoja x, wa pili unakuwa sitini toa x, unazidisha, unatafuta pale ambapo eneo linaacha kupanda, unapata thelathini kwa thelathini, mita za mraba mia tisa. Tulikuwa tunalisema kwa pamoja mara ya tatu Issack alipoinua mkono. Tuliongea Kisomali, kama kila mara hesabu ilipotukaba.

"Mwalimu, huyu mkulima ni mtu wa wapi?"

Darasa likacheka. Nikamwambia ni mtu wa kwenye kitabu.

"Kwa nini anazungusha mraba? Sisi boma la miiba tunalizungusha duara. Siyo kwa uzuri. Ukiwa na miiba kiasi fulani, duara linaingiza mbuzi wengi kuliko mraba. Pembe zinakula miiba bure. Nimejenga yote mawili, nimeona kwa macho. Sasa hii mia tisa ni kubwa kuliko yote namna gani?"

Jibu lilikuwa jepesi. Ningesema, umesema kweli, Issack, ila swali limetufunga kwenye mstatili, hebu tupime na duara tuone. Maneno hayo leo nayasema darasani hata nikiwa nimelala. Siku ile sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni nyuso ishirini na sita, nyingi za wanaume walionizidi umri, na hofu kwamba nikiyumba mara moja hawatanisikiliza tena. Nikasema, "Mraba ndio mkubwa kuliko yote. Kitabu kimesema." Akasema, kwa adabu kabisa, "Lakini mwalimu, boma..." Nami nikamkata. "Ndiyo maana ulianguka mwaka jana. Kila mwenzako anasoma, wewe unaleta mambo ya mbuzi. Kichwa chako kiko bomani, kitoe huko!" Walicheka sana. Alikaa polepole, magoti yakagonga ubao. Nakumbuka nilijisikia vizuri, wallahi, kwa muda wa kama dakika tano.

Ijumaa iliyofuata, shule imefungwa na wanaume wamekwenda msikitini, nilikaa chumbani kwetu na kikokotoo. Nilitaka kuthibitisha kwamba nilisema kweli. Mita mia na ishirini ukizikunja duara, nusukipenyo inakuwa kumi na tisa na kidogo, na eneo lake mita za mraba elfu moja mia moja arobaini na sita. Nilipiga tena. Elfu moja mia moja arobaini na sita. Duara la Issack lilikuwa kubwa kuliko mraba wangu kwa mia mbili arobaini na sita, na alilijua bila kikokotoo, bila x, kwa kukata miiba na kuipanga. Mama alinipitishia nyirinyiri na wali, nikashindwa kula. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema kichwa tu. Niliamua nitamwambia Jumatatu. Jumatatu nikasema nitamwambia tukiwa wawili tu, asiwepo wa kusikia. Halafu nikasema baada ya mtihani wa majaribio, nisimvuruge. Astaghfirullah, jinsi mtu anavyoweza kujipangia siku.

Na yeye alikuwa amekitoa kichwa bomani kama nilivyomwamuru. Tangu siku ile hakuuliza tena. Alihifadhi kuliko wote, yote sitini, kufikia mwezi wa nane. Saa ya mapumziko alikaa mlangoni mwa jikoni, mpishi wetu Habiba, ambaye wote tulimwita eeddo, shangazi, akikoroga sufuria, naye akiyumba na kunong'ona. Siku moja nilikuwa naosha kikombe nje nikawasikia. "Issack, hiyo sura gani unasoma, mbona siijui?" eeddo Habiba alimuuliza. "Sura ya mkulima na waya wake, eeddo." Akampiga na mwiko begani. "Tubu, mtoto wewe! Usicheze na mambo hayo." Alicheka, kisha nikamsikia anasema kwa sauti nyingine, "Mimi nilikuwa nafikiri sana, eeddo, ndiyo iliyoniponza mwaka jana. Sasa nimeacha. Mwalimu amenionyesha." Nilisimama na kikombe changu mkononi, maji yakinimwagikia viatu.

Siku ya karatasi ya pili nilimngoja langoni. Alitoka akikimbia, mtu mzima yule, akikimbia kama mtoto aliyefunguliwa. "Imekuja! Mwalimu, imekuja, arobaini na saba! Mkulima na waya! Nimeandika yote, sikuacha hata neno!" Moyo wangu ukapanda mpaka juu. Nikamwomba karatasi ya maswali, nikasoma. Mkulima alikuwa na waya wa mita mia mbili, na upande mmoja wa shamba lake ulikuwa na ukuta usiohitaji waya. Nikamuuliza taratibu, "Na ukuta uliufanyaje?" Akaniangalia. "Ukuta gani?" Nikamuuliza aliandika waya wa mita ngapi. "Mia na ishirini," akasema, akishangaa ninamuuliza kitu tunachokijua wote wawili. "Thelathini kwa thelathini, mia tisa." Mtu aliyeweza kuona kosa langu kwa macho yake mwenyewe hakuona ukuta ulioandikwa mbele yake, kwa sababu nilimkataza kutazama. Alikuwa bado anatabasamu. Nikamwambia, "Vizuri, Issack," nikamrudishia karatasi yake.

Matokeo yalikuja kwa simu. D na alama ya kujumlisha. Darasa zima lilikuwa hivyo hivyo, D, D, E, C mbili tu, na Bwana Mutuku alivua sweta lake, akalikunja, akaliweka mezani akakaa. Adan alifika siku ya tatu na ngamia wawili. Issack alikuja kwetu kuaga, akasimama nje ya uzio, na hakuniita mwalimu, aliniita abaayo, dada, kama watu wa nje ya darasa wanavyoitana. "Abaayo, usiumie. Wewe ulijitahidi. Ulisema kweli siku ile, mimi kichwa changu ni cha bomani." Hakuwa ananisimanga. Ningependa sana angekuwa ananisimanga. Nilikuwa na ile elfu moja mia moja arobaini na sita tayari mdomoni. Lakini kumwambia sasa, wakati mlango umeshafungwa, kumwambia kwamba angeweza, kwamba ni mimi? Nikajiambia ni ukatili. Uongo. Nilikuwa naogopa macho yake. Nikamwambia, "Mungu akufungulie njia," na akaenda.

Barua yangu ya chuo ilifika mwezi uliofuata. Nilisoma, nikahitimu, nikaajiriwa Garissa, na kalkulasi sasa naielewa, faida yake sijui ni ipi. Issack nilimwona tena mara moja tu, miaka mingi baadaye, sokoni Takaba, siku ya mnada wa mifugo. Alikuwa na ndevu zenye mvi mbili tatu, ameshika mkono wa binti yake wa miaka tisa aliyevaa sare ya shule. Akafurahi mpaka akanitia aibu. "Huyu ndiye mwalimu wangu!" alimwambia binti. "Hesabu muulize yeye, mimi usinisumbue." Mtoto alinitazama kwa macho makini, yale yale ya baba yake kabla sijamnyamazisha, akauliza, "Ni kweli baba alikuwa mjinga darasani? Yeye husema hivyo kila nikimletea daftari." Issack alicheka kwa nguvu. "Sana! Mwambie, abaayo, mwambie nilivyokuwa." Mtoto hakucheka. Aliendelea kunitazama, akingoja nijibu. Soko lilikuwa na kelele, mbuzi wakilia, mtu akiita bei ya dume, na nilikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kusema. Nikacheka na baba yake.